Wapiga Mbizi Wawili, Kamba Moja

Kisu kilikuwa juu ya kamba.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, wasomaji. Wilfrido Caraballo, mwana wa Bocachica, yuko chini kabisa ya ghuba ya Cartagena, kwenye maji meusi kama kahawa isiyochujwa. Mkono mmoja umeshika kisu. Mwingine umeshika kamba inayomfunga kiuno kwa kiuno na mwenzi wake, Isidro Chaparro.

Alikuwa akikagua vifaa vya mwenzake kwa kupapasa, kama wanavyofundishwa wapiga mbizi wa jeshi la majini, maana macho huko hayana kazi. Vidole vikapita mtungi wa hewa, vikapita mkanda, vikafika kwenye kijikamba kinachoshikilia kisu cha Isidro. Na hapo vikakuta fundo lililozunguka kinyume.

Watu wanaotumia mkono wa kushoto ni wengi duniani. Lakini anayefunga namna ile, mizunguko miwili na mkia kupenyezwa chini, Wilfrido alimjua mmoja tu. Alimjua tangu utotoni, wakishona nyavu za baba zao. Ni Nereida, mchumba wake.

"Kata," wivu ukamwambia. Na chini ya maji wivu husikika vizuri sana, kwa kuwa hakuna mwingine anayesema.

Akakata. Uzi wa kwanza ukaachia. Wa pili ukafuata.

Ghafla kamba ikavutwa, mara moja.

Kwa watu hawa mvuto mmoja ni swali: uko salama? Jibu lake ni mvuto mmoja. Asiyejibu hufuatwa na mwenzake, hata kama ni kumfuata kaburini.

Wilfrido hakujibu. Kamba ikavutwa tena, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwenye chumba cha mgonjwa.

Akarudisha kisu alani.

Msimpe sifa ya wema. Alitaka tu kumwona Isidro penye mwanga, amwulize jambo moja, na amtazame uso unavyobadilika. Akavuta kamba: niko salama. Wakapanda.

Lakini alikuwa amesahau kitu ambacho mpiga mbizi hasahau. Kila mara wanapotoka majini, kamba za wenzi huoshwa kwa maji baridi ya bomba, kisha mwalimu wao, Sajenti Babilonia, huzipitisha moja moja kati ya vidole vyake, amefumba macho.

Sajenti huyo hakuwahi kupiga kelele maishani mwake. Alikuwa na sauti ndogo, ya mtu anayeagiza chai, na ndiyo iliyowatoa watu jasho.

Vidole vyake vikasimama.

"Hii ni ya nani?"

"Yetu, Sajenti," akasema Wilfrido.

"Imekatwa. Haikuchanika kwenye mwamba, imekatwa kwa kisu." Akafumbua macho. "Nani?"

Kila kijana pale gatini aliijua dhambi moja ambayo shule ile ya wapiga mbizi haisamehe. Unaweza kuchelewa, unaweza kutapika, unaweza kulia ukimwita mama yako. Kumwacha mwenzi, hapana. Kwa hilo unafungasha siku hiyo hiyo, na beji ya mpiga mbizi utaiona kwenye vifua vya wengine hadi uzeeni.

Nao walikuwa wamebakiza majuma machache tu! Na siyo beji peke yake iliyokuwa ikigombewa. Anayemaliza wa kwanza hubaki Cartagena, kwenye meli ya uokoaji. Wengine hutawanywa: huyu kwenye mito ya kusini, yule bahari ya upande wa pili wa nchi. Wilfrido alikuwa wa kwanza tangu kozi ianze, mpaka karibuni, Isidro alipoanza kumpita. Fikiria mwenyewe, msomaji: Isidro abaki Cartagena, kivuko kimoja tu kutoka kwa Nereida, na Wilfrido apelekwe kuhesabu mvua za Pasifiki.

"Nimeuliza nani," akasema Sajenti.

"Mimi, Sajenti."

Lakini sauti haikutoka kwa Wilfrido. Isidro alikuwa amepiga hatua mbele, maji yakimchuruzika puani.

"Kisu changu kiliteleza, Sajenti. Nilikuwa najitoa kwenye waya."

Wenzao wakaguna. Isidro ni mtu wa milimani, Boyacá, kwenye viazi na baridi, na kwa hiyo pale shuleni jina lake ni Kiazi. Ni mpole mno. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi.

Sajenti akamtazama. Akamtazama na Wilfrido, muda mrefu zaidi.

"Sawa," akasema. "Kamba imekuwa nyembamba, nitawapa nene. Mtafungwa pamoja leo, na mtakaa mmefungwa. Mtakula, mtalala, na chooni mmoja atamwimbia mwenzake. Jumapili mtakwenda likizo hivyo hivyo, na jioni nitakuja na boti kuwachukua. Atakayefungua fundo kabla sijalifungua mimi, afungashe."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Sajenti akageuka, na kicheko kikafa njiani.

* * *

Walikula mezani bega kwa bega. Kila Wilfrido alipoinua kijiko, kamba ilimvuta Isidro kiunoni.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" Wilfrido akanong'ona.

"Ungefukuzwa, ndugu yangu."

"Mimi ndugu yako tangu lini?"

"Tangu tufungwe." Isidro akapuliza supu yake. "Nilisikia kisu chako. Kamba husema kila kitu. Nilisikia uzi wa kwanza, nikasikia wa pili."

Wilfrido akaacha kutafuna. "Ukafanya nini?"

"Nikakuuliza kama uko salama."

Mtu mwenye moyo mweupe angelia machozi pale pale juu ya wali wake. Lakini wivu una hesabu zake. Mtu haokoi mwenzake bure, Wilfrido akawaza. Huyu ananilipa. Na kama ananilipa, basi amenichukulia kitu.

"Hilo fundo la kisu chako," akasema. "Nani alikufungia?"

Kijiko cha Isidro kikasimama hewani. Na masikio yake, haya masikio makubwa ya mtu wa milimani, yakaanza kuwiva kama nyanya.

"Siwezi kusema. Nimeahidi."

"Umeahidi!"

"Tafadhali, bwana mkubwa. Usiniulize."

Wilfrido hakumwuliza tena. Alilala usiku ule akiwa amefungwa na adui yake, na kila adui alipojigeuza, kamba ilimwamsha kumkumbusha.

* * *

Jumapili kivuko cha kwenda Bocachica, kisiwani kwa akina Wilfrido, kilijaa, na kicheko kilianza kabla injini haijawaka.

"Wilfrido! Umenunua mbuzi?"

"Siyo mbuzi, ni bwana harusi! Mahari umelipa wewe au yeye?"

"Mwacheni. Jeshi limekosa pingu, linatumia kamba za nguo."

Wilfrido alikaza taya akatazama mbele. Aliujua mpango wake. Angemsimamisha Isidro mbele ya Nereida, wote watatu uso kwa uso. Ama ingekuwa kweli, ama ingekuwa uongo, lakini kabla jua halijazama angejua. Na faida moja ya ile adhabu ni kwamba mshtakiwa hakuweza kukimbia.

Walipokanyaga ufuko, muziki wa champeta ulikuwa ukitikisa mabati. Wazee wanne walikuwa kwenye domino zao kando ya kibanda cha vinywaji. Mmoja akainua kichwa, akatabasamu meno yote.

"Karibu!" akaita. "Leo umechelewa!"

Wilfrido akainua mkono kujibu. Kisha akaona kwamba mzee hakumtazama yeye.

"Kiazi! We Kiazi! Leo umekuja na mshipi?"

Akina mama wauza kashata wakageuka. "Kiazi huyo! Shikamoo hutoi?" Msichana mmoja akampungia mkono. Mbwa wa mwenye kibanda, ambaye huwabwekea hata mapadri, akaja kumnusa Isidro miguu na kulala chini.

Wilfrido alihisi mchanga ukizama chini yake. Alidhani anamleta mgeni kisiwani. Kumbe mgeni ni yeye.

"Umekuja hapa mara ngapi?" akauliza bila kugeuka.

Masikio ya Isidro yalikuwa yamewiva tena.

* * *

Nereida alikuwa akikaanga samaki kwenye banda la mama yake, mwanzoni mwa gati la mbao. Aliwaona wakija wamefungwa, akacheka hadi akaegemea nguzo.

"Mama! Njoo uone! Wamefunga jipu na kidonda!"

Mama yake, Bi Petrona, akachungulia akiwa na bakuli la ndizi za kuponda. Hakucheka. Bi Petrona alizika mume na kaka wawili baharini, na mtu akija na uso kama ule wa Wilfrido, yeye huona mawingu.

"Kaeni," akasema. "Kwanza mle."

"Sikuja kula, mama mkwe," akasema Wilfrido. Akachomoa kisu cha Isidro kwenye mkanda, akakiweka mezani kati ya sahani, fundo likiwa juu. "Nereida. Hili umefunga wewe?"

"Ndiyo."

Hakupepesa jicho. Wilfrido alikuwa amejiandaa kwa uongo. Kwa ndiyo hakuwa amejiandaa.

"Unasema ndiyo, hivi hivi?"

"Ulitaka niseme la? Fundo langu unalijua. La zamani lilikuwa limeoza, nikamfungia jipya. Kuna shida?"

"Anakuja hapa!"

"Kila akipata ruhusa."

"Nikiwa zamu!"

"Ukiwa zamu, naam, maana ukiwepo anaona haya." Nereida akamgeukia Isidro. "Mwambie wewe."

"Niliahidi kutosema," Isidro akasema kwa sauti ya chini.

"Mimi ndiye niliyeahidi kwako, Kiazi, siyo wewe kwangu. Mnanichosha." Akafuta mikono kwenye aproni. "Haya, sikiliza, Wilfrido. Mwenzi wako alikuwa hawezi. Anashuka kama jiwe, na giza likimfika anapanda kama paka aliyemwagiwa maji. Alikuja kuniuliza kama wewe ulizaliwa na mapezi, au kuna mtu alikufundisha. Nikamwambia alikufundisha baba yangu, na mimi pia. Akaomba nimfundishe. Hapo, mwisho wa gati, mbele ya kisiwa kizima, mama yangu amekaa pale na kiti chake."

"Ni kweli?" Wilfrido akamwuliza Bi Petrona.

"Alikuwa akitapika kwenye ndoo yangu," akasema Bi Petrona. "Mpenzi gani anatapika kwenye ndoo?"

Isidro aliinamisha kichwa. "Ningekuambia ungecheka."

"Ningecheka," akasema Wilfrido.

"Basi ndiyo hivyo."

Nereida akamsogelea mchumba wake, akashika ile kamba nene kiunoni mwake na kuitikisa. "Sikumfundisha kwa ajili yake, mjinga wewe. Mmefungwa pamoja. Akihangaika huko chini, anakuvuta na wewe. Kila pumzi niliyomfundisha kuishika ilikuwa ya kwako."

Basi hapo, wasomaji wangu, hadithi ingeisha. Mwanamke ni mwaminifu, rafiki ni rafiki, samaki yuko mezani. Na Wilfrido alijaribu, wacha niseme haki. Alivuta pumzi, akakaa, akamega kipande cha samaki.

Lakini nimeishi vya kutosha kuujua wivu. Ukiunyang'anya sababu haufi. Unazunguka nyumba kutafuta dirisha.

Hakuchukua mwanamke wangu, Wilfrido aliwaza akitafuna. Amechukua bahari yangu. Yale niliyofundishwa na mzee Medrano, baba yake Nereida, kwa makofi na maji ya chumvi puani, miaka na miaka, huyu amepewa kwa Jumapili chache na sahani ya ndizi za kuponda. Ndiyo maana ananishinda. Ananishinda kwa mapafu ya nyumbani kwetu!

"Ulimwonyesha na nanga?" akauliza.

Nereida akaacha kugeuza samaki. Mbele ya gati lile, penye kina, imelala nanga ya meli ya zamani. Ni watu wa nyumba ya Medrano tu walioshuka kuigusa kwa pumzi moja, na Wilfrido, aliyelelewa nao.

"Nilimwonyesha ilipo."

"Aliigusa?"

"Wilfrido, kula."

"Aliigusa?"

"Niliigusa," akasema Isidro, kwa sababu watu wa milimani hawajui wakati wa kunyamaza. "Mara mbili."

Wilfrido alicheka, kicheko kibaya. "Basi kila mtu anaigusa siku hizi. Umeuza nanga ya baba yako kama kashata. Na wewe mwenyewe, Nereida, hujawahi kuifikia. Ulikuwa unashika bega langu, mimi ndiye niliyekuwa nikikushusha. Unamfundisha mtu kitu usichokiweza."

"Unasemaje?"

"Nimesema mwalimu hajui somo."

Nereida aliweka mwiko chini. Akafungua aproni, akaitupa juu ya meza, ikamwangukia Isidro.

"Nereida," akasema mama yake. "Una hasira. Hapana."

Kisiwani pale kila mtoto anaambiwa: mwenye hasira hazamii. Pumzi za hasira ni za haraka haraka na ni nyingi, nazo humdanganya mtu. Zinamwambia hewa bado ipo, kumbe imekwisha. Hakuna kelele, hakuna kuhangaika. Mtu anazimika tu kama taa.

Nereida alilijua hilo kuliko Wilfrido. Lakini alikuwa tayari anakimbia juu ya mbao za gati, akihema kwa nguvu, mara nyingi, haraka haraka, na watu wa domino wakainuka kutazama. Mwisho wa gati hakusimama. Akaruka na gauni lake, miguu ikapotea.

Wanaume wale wawili walimfuata mpaka ukingoni. Maji yalirudi kuwa laini.

"Hakupumua vizuri," akasema Isidro.

"Anajionyesha tu. Namjua."

Wakangoja. Kivuli cha pelikani kikapita juu ya maji. Nyuma yao mtu alizima muziki.

"Amekaa sana, Wilfrido."

"Nimesema namjua! Atatokea nyuma ya nguzo, atucheke."

Isidro alikwishavua viatu. Akapiga hatua, na kamba ikakaza. Wilfrido alikuwa amesimama imara, miguu miwili imekita kwenye ubao, kamba imeshikwa kwa mikono yote miwili.

"Tushuke pamoja," akasema Isidro.

"Subiri."

"Tunasubiri nini?"

Ningekuwa mwongo nikiwaambia Wilfrido alitaka Nereida afe. Alimpenda kuliko macho yake. Lakini aliiona picha kichwani, wazi kama ya kwenye kalenda: Isidro akipanda kutoka majini na Nereida mikononi, na kisiwa kizima kikipiga makofi. Picha ile ilimfunga miguu. Chochote kingine kingetokea, aliwaza, lakini siyo hiyo. Atatokea mwenyewe. Sasa hivi atatokea.

"Legeza!" Isidro akajitupa mbele kwa uzito wake wote. Kamba ikateleza viganjani mwa Wilfrido, ikachoma, naye akaikaza zaidi. Mtu wa milimani akarudishwa nyuma, akaanguka magoti.

"Wilfrido!" Hiyo ilikuwa sauti ya Bi Petrona, aliyekuwa akija mbio na bakuli bado mkononi. "Wilfrido, mwanangu anazama!"

Isidro akainua uso akamtazama mwenzi wake. Hapakuwa na hasira machoni mwake. Akapeleka mkono kiunoni, kwenye fundo ambalo Sajenti Babilonia alilifunga kwa mikono yake, akavuta mkia wake, likafunguka.

Akaingia majini kichwa mbele.

Na Wilfrido Caraballo akabaki ukingoni, amekaza misuli yote, ameshika kamba isiyo na mtu.

* * *

Alimleta. Alimkuta chini karibu na nanga, nywele zimeenea, uso umetulia kama wa mtu aliyelala. Wazee wa domino waliwavuta wote wawili juu. Bi Petrona alimlaza bintiye kifudifudi, kisha chali, akampulizia pumzi mdomoni kama alivyoona kwa waliomtangulia. Akina mama wa kashata walimwita Bikira wa Karmeli kwa sauti moja.

Maji yakatoka. Kikohozi kikafuata, kidogo kama cha mtoto. Bi Petrona akakaa chini juu ya mbao na kuanza kulia.

Hakuna aliyesikia boti ya jeshi ikifika. Waliona tu viatu vyeusi vikisimama kati yao.

"Yuko mzima?" akauliza Sajenti Babilonia kwa ile sauti yake ya chai.

"Yuko mzima," watu wakasema. "Mungu mkubwa."

Sajenti akaushika mkono wa Nereida, akasikiliza mapigo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha macho yake yakatembea. Yakafika kwa Isidro, aliyejilaza ukingoni akihema kama samaki, kiuno chake kitupu. Yakafuata mbao za gati hadi kwa Wilfrido, aliyekuwa bado amesimama, kamba imemning'inia mbele.

"Nani kafungua?"

Isidro alijaribu kusema, akakohoa maji. Ingekuwa rahisi kungoja. Ingekuwa rahisi zaidi kusema *tulifungua wote*. Neno moja tu, kama lile Isidro alilolisema kwa ajili yake. Lakini Wilfrido alikuwa ameona picha yake ikitimia yote, mikono, nywele, makofi, na ndani yake hapakubaki nafasi ya kitu kingine.

"Chaparro, Sajenti," akasema. "Kafungua mwenyewe. Watu wote wameona."

Ilikuwa kweli tupu. Hata malaika asingeirekebisha.

"Chaparro?"

"Ni kweli, Sajenti," akasema Isidro.

"Unakumbuka nilisema nini."

"Nakumbuka. Nifungashe."

Watu wakanung'unika. Mzee mmoja akatema mate. Lakini Wilfrido hakuwasikia. Kwa pumzi moja nzima alikuwa na furaha, ndiyo, furaha kamili. Kiazi anarudi kwenye viazi. Mimi ni wa kwanza. Cartagena, meli ya uokoaji, beji, kivuko kimoja tu hadi nyumbani!

"Caraballo, nipe kamba hiyo."

Akamnyooshea ncha yake. Sajenti akaipokea, akafumba macho, akaanza kuipitisha kati ya vidole, taratibu, kama afanyavyo kila siku. Katikati vidole vikasimama. Akafumbua macho, akavitazama. Vilikuwa na damu.

Akamshika Wilfrido mkono, akaukunjua, akaukunjua na wa pili. Ngozi ya viganja ilikuwa imebanduka kutoka upande hadi upande.

"Mtu anayekimbilia majini kumwokoa mchumba wake," akasema Sajenti, "kamba humvuta kiunoni. Viganja haiviunguzi." Akasogea karibu, na sauti yake ikawa ndogo zaidi, hata watu wakainama kusikia. "Chaparro alikuwa anavutia upande wa maji. Sasa niambie wewe, Caraballo. Wewe ulikuwa unavutia wapi?"

Nereida alikuwa amejiinua kwa kiwiko, midomo bado ya buluu, mama yake akimzuia. Akasukuma mkono wa mama yake kando. Akavitazama viganja vile kwa muda, kisha uso uliokuwa juu yake.

"Jibu, Wilfrido," akasema. "Hata mimi nangoja."